Kidato cha tano na cha sita viliondoka na nini?

Wasomaji wangu mtaniwia radhi, nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Si uvivu. Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, meza yangu ya kulia hapa Komarock huacha kuwa yangu. Tarakilishi husukumwa pembeni, kazi za wateja hungoja usiku, na vijana wanne au watano wa mtaani hukaa pale na madaftari yao wakijiandaa kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi, fizikia, kompyuta na kadhalika. Kwa hiyo leo sitaandika juu ya programu. Nataka kuandika historia kidogo, maana mmoja wa vijana hao aliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa sentensi moja: "Anko, kwani zamani kazi hii ilikuwa inafanywa na nani?"

Jibu fupi ni kwamba ilifanywa na shule, kwa miaka 2 mizima, katika kidato cha tano na cha sita. Jibu refu ndilo hili.

Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuzaliwa chuo kikuu. Kilianza kikiitwa Royal Technical College, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956. Mwaka 1961 kikabadilishwa jina na kuwa Royal College Nairobi, kikaanza kuwaandaa watu kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila mmoja akashika njia yake. Katika miaka ile ya ushirika uhandisi ulifundishwa Nairobi, hivi kwamba Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alifunga safari kuja huku. Dar es Salaam ilifungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973.

Sasa, ukirithi shahada ya London unarithi pia dhana zake. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza alichukulia kwamba kijana aliye mbele yake amekwisha kupigana na kalkulasi na mekanika kwa miaka 2. Pigano hilo lilifanyika kidato cha tano na cha sita. Ulichagua masomo matatu au manne tu, ukayachimba, kisha ukafanya mtihani wa kiwango cha juu ambao ulibadilishwa jina mara kadhaa mpaka wa mwisho ukaitwa KACE. Kulikuwa hata na chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya kazi hiyo: Strathmore, ambayo leo ni chuo kikuu, ilianza mwaka 1961 kama shule ya kidato cha tano na cha sita, ikachukua vijana wa rangi na dini zote wakati Nairobi ilikuwa bado imegawanywa kwa rangi.

Hapa Phase 1 kuna mzee mmoja, mhandisi mstaafu wa mambo ya maji, ambaye amehifadhi madaftari yake ya kidato cha tano. Niliwahi kumtembelea akanionyesha. Nilitarajia kuona hesabu ngumu, na kweli zilikuwapo: ngazi zilizoegemea kuta, mpira uliorushwa kutoka mlimani, kurasa tatu tatu za swali moja. Lakini kilichonishangaza ni kalamu nyekundu. Muhula wa kwanza wote ni nyekundu! Huyu ni mtu aliyekuwa nambari moja katika shule yake, wilaya nzima ikimjua. Mzee akacheka. Akaniambia kwamba darasani mwao kila mmoja alikuwa nambari moja ya kwao, na muhula ule wote walianguka pamoja. Mwalimu hakushtuka. Aliwarudishia madaftari, akawaambia warudie. Walirudia. Kufikia kidato cha sita walikuwa wamejua mambo mawili: kwamba swali moja linaweza kukuchukua siku tatu, na kwamba mtu akishindwa siku mbili za kwanza si mjinga.

Nimelifikiria sana daftari lile. Ninaamini silabasi haikuwa ndiyo maana kubwa ya miaka ile miwili. Miaka ile ilikuwa mahali pa kuanguka kwa bei rahisi. Ulianguka ukiwa bado mtoto wa shule, mwalimu akikujua kwa jina, bila mkopo, bila kijiji kizima kukuita "daktari" au "injinia".

Nisije nikaonekana naililia enzi ya dhahabu. Mlango wa kidato cha tano ulikuwa mwembamba mno. Wengi waliomaliza kidato cha nne waliishia pale pale, na sehemu nyingi za nchi hazikuwa na shule ya kidato cha tano yenye maabara ya maana. Daraja lilikuwa zuri, lakini ni wachache walioruhusiwa kulikanyaga.

Mwaka 1981 serikali iliunda tume iliyoongozwa na Mkanada, Colin Mackay, kuchunguza uwezekano wa kuwa na chuo kikuu cha pili. Chuo hicho kilikuja kuwa Moi, mwaka 1984. Lakini tume hiyohiyo ilipendekeza pia kubadilisha mfumo mzima wa elimu. Badala ya miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita, na 3 ya chuo, tukapata 8-4-4. Mfumo ulianza Januari 1985. Kidato cha tano na cha sita vikafutwa. Mwaka mmoja ukapelekwa shule ya msingi, mwingine ukapelekwa chuo kikuu. Uhandisi ukawa wa miaka 5.

Angalia hesabu hiyo vizuri, maana ndipo nilipo na neno. Kwenye karatasi hakuna mwaka uliopotea: 7+4+2+3 ni 16, na 8+4+4 ni 16. Mwanaprogramu yeyote akiona jumla zimelingana huridhika, halafu usiku wa manane anagundua kwamba data zimehamishiwa safu nyingine. Mwaka uliopelekwa darasa la nane ulimkuta mtoto wa miaka 13 na 14, ambaye huwezi kumfundisha kalkulasi. Mwaka uliopelekwa chuoni ulimweka kijana katika ukumbi wa watu mia mbili, mbele ya mhadhiri asiyemjua jina, na kila anguko likaandikwa kwenye rekodi ya shahada. Kazi iliyokuwa inafanywa na kidato cha tano ilibaki, ila sasa haikuwa na mwenyewe.

Wakati huo kulikuwa na mkasa mwingine unaendelea. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, hakikufunguliwa tena mpaka Oktoba 1983. Ukifunga chuo kwa zaidi ya mwaka, watu hawaachi kumaliza shule. Foleni ikaanza. Kisha mwaka 1990 yakafika makundi mawili kwa mkupuo: waliofanya KACE ya mwisho mwaka 1989, na waliofanya KCSE ya kwanza mwaka huohuo wa 1989. Foleni ikawa jambo la kawaida. Kwa miaka mingi iliyofuata mtu alimaliza kidato cha nne, akaitwa na JAB, bodi ya pamoja iliyogawa nafasi za vyuo, halafu akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu au hata miaka 2 akingoja nafasi yake.

Je, kulikuwa na maandalizi yoyote ya kitaifa? Kulikuwa! Kuanzia mwaka 1984 waliochaguliwa kwenda chuo kikuu walipelekwa kwanza kwenye kambi za National Youth Service kwa miezi 3, wakavalishwa sare, wakafundishwa gwaride na nidhamu. Mpango huo ulisitishwa mwaka 1990. Baada ya ghasia za 1982 unaweza kuelewa serikali ilikuwa inawaza nini. Lakini pata picha: mara pekee nchi yetu ilipowakusanya wanafunzi wote wapya kabla ya kuingia chuo, iliwafundisha kutembea kwa mguu mmoja. Fizikia haikuwamo.

Nami nikaingia foleni hiyo. Nilifanya KCSE mwaka 2001, nikaingia chuo 2003. Katikati hapo, kama kijana mwingine yeyote wa Eastlands, nilisomea pakeji. Kwa wale wasiojua, pakeji za kompyuta zilikuwa kozi fupi zilizofundishwa kwenye vyumba vya juu ya maduka, kila mtaa ulikuwa na chuo chake, mbao zao ukiziona kutoka Umoja hadi Kayole. Walionitangulia walisoma DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase. Sisi tulikuta Windows 98, Word, Excel na Access. Mashine sita, wanafunzi kumi na wanane, na stima ikipotea mnaandika madokezo. Mwishoni unapewa cheti kinachong'aa ambacho mama anakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Siwadharau wale walimu. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha fomula yangu ya kwanza ya Excel, na mkate ninaokula leo una chachu yake. Lakini pakeji zilifundisha kubonyeza mahali sahihi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Na mtandao? Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na kwenye saiba ulilipa kwa dakika. Hata habari kwamba MIT ilikuwa imeanza kuweka masomo yake bure mtandaoni ilinifikia nikiwa nimekwisha kuchelewa. Nani angepakua mhadhara kwa shilingi moja kila dakika?

Basi nikaingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme nikiwa na A ya hisabati na cheti cha pakeji. KCSE ilikuwa imenifundisha kutofautisha na kuunganisha polinomia, nami nilizifanya haraka kama mtu anayehesabu chenji. Wiki ya pili mhadhiri aliandika ubaoni ufafanuzi wa kikomo, kwa herufi za Kigiriki, akauliza kama tumeelewa, akafuta. Nilinakili. Nilinakili muhula mzima. Nilianguka mtihani ule, nikarudi kuufanya tena, wenyewe tuliita sapu, na kwa mwezi mzima sikumwambia mtu nyumbani. Nilimwendea mwanafunzi wa mwaka wa tatu nikamweleza. Akanipiga begani: "Utazoea."

Neno hilo "utazoea" nililichukua nikalitumia. Hapo ndipo naona aibu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeanza kuandika programu kwa mshahara, kijana wa jirani zetu wa Phase 3 alipata nafasi ya uhandisi. Mtaa ulifurahi, kukawa na harambee ndogo, nami nikamnunulia kikokotoo kizuri cha kisayansi. Muhula wa kwanza alinipigia simu usiku. Alisema hisabati haziingii, na kwamba labda akili yake ilikuwa ya shule tu. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Nikamwambia, "Utazoea, bro." Hakupiga tena. Mwaka uliofuata nikamwona kwenye steji ya Kangundo Road, mkoba wa utingo begani, akaninunulia tikiti kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mgeni. Mama yake bado aliwaambia watu kwamba mwanawe yuko chuoni. Sisemi angekuwa mhandisi kama ningekaa naye saa mbili. Sijui. Ila nilikuwa na hizo saa mbili.

Na tusidhani kwamba hakuna aliyelifikiria tatizo hili. Linganisha njia mbili za kuwasaidia wasichana kuingia sayansi na uhandisi. Hapa Kenya, JAB iliwashushia wasichana alama ya kuingilia kwa pointi moja. Makerere ilifanya jambo la aina hiyo pia, ikiwaongezea pointi moja na nusu kuanzia mwaka 1990. Dar es Salaam wakaenda njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1990 kitivo cha sayansi, na kuanzia miaka ya 2000 upande wa uhandisi, kilianzisha mafunzo maalum ya kabla ya kuingia: wasichana waliokosa alama kidogo tu waliitwa chuoni kwa wiki kadhaa, wakafundishwa hisabati na fizikia, wakapimwa, waliofaulu wakaingia. Idadi ya wanawake madarasani ilipanda. Pointi inakufungulia mlango. Wiki kadhaa za kufundishwa zinakuonyesha mahali taa inapowashiwa. Na kumbuka Tanzania hawakuwahi kufuta kidato cha tano na cha sita. Waliongeza wiki zile juu ya miaka 2.

Kwetu pengo lilizibwa na soko. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwachukua wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingine vikafuata, na zikachipuka kozi za brijing kwa waliokosa alama ya hisabati au kemia. Nyingine zilikuwa nzuri. Lakini ziliwalenga waliokosa alama. Aliyepata A, kama mimi na yule kijana wa Phase 3, alihesabiwa kuwa tayari.

Foleni ilikuja kupunguzwa miaka ya 2010, vyuo vilipochukua makundi mawili kwa mpigo, na kazi ya JAB ikapewa KUCCPS chini ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Siku hizi mtoto anapata matokeo Januari na kuripoti chuo karibu na Septemba. Ni kama miezi 8. Na mfumo wenyewe unabadilika: darasa la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na waliochagua mkondo wa sayansi na uhandisi wana miaka 3 ya sekondari ya juu kabla ya chuo. Ukitazama kwa makini ni kidato cha tano kimerudi kwa mlango wa nyuma, kikiwa kimevaa nguo mpya. Mzee wa Phase 1 anasema hivyo hivyo. Swali lake ni moja tu, kama kutakuwa na kalamu nyekundu na mwalimu asiyeshtuka. Hawa wangu wa mwaka huu, hata hivyo, ni wa 8-4-4, na 8-4-4 inafunga mlango na KCSE ya 2027.

Kwa hiyo nina miezi 8 na meza. Siwafundishi silabasi ya mwaka wa kwanza, wataikuta huko. Nawapa swali moja kwa wiki na sitoi jibu. Wiki hii lilikuwa hili: tanki la maji limejaa, tundu liko chini yake kabisa, na lote huisha kwa dakika 60. Nusu ya juu itaisha kwa dakika ngapi?

Wote walisema 30. Walikaa siku nne wakibishana, wakatoboa mtungi wa lita 20 uani, wakapima kwa simu, wakaona maji ya juu yanakimbia na ya chini yanajikokota. Ndipo tukaja kwenye hesabu: kasi ya maji hufuata kipeuo cha pili cha kimo kilicho juu ya tundu, na ukilifuata jambo hilo mpaka mwisho, nusu ya juu inachukua kama dakika 18 na ya chini kama 42. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukunja karatasi.

Msichana mmoja, anayekwenda kusomea uhandisi wa ujenzi, alikuwa bado ameinamia daftari. Akasema, "Anko, lakini tanki lenu liko juu ya paa, na bomba tunalochotea liko huku chini." Tanki lina kimo cha mita moja na nusu, na kitako chake kiko mita 12 juu ya bomba. Likiwa limejaa kimo ni 13.5, likiisha ni 12. Akapiga hesabu upya mbele yetu, akafuta mara mbili, akapata dakika 29.6. Yaani wale waliosema 30 tangu mwanzo, kwa jengo hili, walikuwa karibu sahihi, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini.

Nilijaribu kumkatiza kwa habari ya msuguano kwenye mabomba. Akaniambia ningoje, hiyo ni ya wiki ijayo. Tulitaka kupanda juu tukapime siku ileile, lakini maji ya mgao huku kwetu huja Alhamisi, na tanki lilikuwa tupu.